Jinsi ya Kupata Fedha za Miti ya Mjini na Kuhakikisha Miti Yenyewe Inashika: Mwongozo Kamili

Kila msimu wa kupanda ukipita, maswali yanayonifikia huwa yale yale. Kamati imeandika andiko la mradi, mfadhili amelikataa. Au amelikubali, miche ikapandwa kwa hotuba na picha, na kiangazi kilipoisha vikabaki vigingi na vijiti vikavu. Wanaouliza ni maofisa wa manispaa, vikundi vya vijana, walimu, madiwani. Nimesoma maandiko yao, na kasoro karibu yote ni moja: yanaomba fedha za kupanda miti, ilhali mji unahitaji fedha za miti iliyoshika.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukiwa na haraka, fupisha nyingine lakini usiiguse ya 4, kwa sababu maandiko mengi huanguka hapo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ramani ya mji yenye barabara, mitaro, mabomba, nyaya za umeme na mipaka ya viwanja.
- Kompyuta yenye intaneti, kwa ajili ya kupima miti kwa picha za anga.
- Simu yenye kamera na GPS, pamoja na tepu ya kupimia unene wa shina.
- Nakala ya sheria ndogo za mji zinazohusu miti, ujenzi na hifadhi ya barabara.
- Vitabu vya bajeti ya manispaa vya miaka mitatu iliyopita. Humo utatafuta vifungu ambavyo tayari vinagusa miti hata kama havitaji neno miti: mitaro, usafi, barabara, afya.
- Mtaalamu wa miti, hata wa kuazimwa kwa siku chache.
- Mtu mmoja mwenye jina na cheo atakayewajibika kwa mradi. Usiandike “kamati”. Mfadhili akipiga simu anataka kuongea na mtu.

## Hatua ya 1: Pima kivuli mlichonacho

Usianze na idadi ya miti mnayotaka kupanda. Anza na asilimia ya ardhi iliyofunikwa na matawi leo, yaani mwavuli wa miti ukitazamwa kutoka juu.

Programu ya i-Tree Canopy, iliyotokana na kazi ya Idara ya Misitu ya Marekani, hutumika bila malipo. Unachora mpaka wa eneo lako, programu inatupa nukta bila mpangilio juu ya picha ya anga, nawe unasema kila nukta imeangukia nini: mti, nyasi, paa, lami, udongo mtupu au maji. Kwa nukta 500, zikiangukia miti 100, mwavuli wenu ni asilimia 20, na mashaka ya kipimo ni karibu pointi 1.8 juu au chini. Ukifika nukta 1,000 mashaka yanashuka hadi karibu pointi 1.3. Kazi hii mtu mmoja makini anaimaliza kwa siku chache.

Pima kila kata peke yake. Wastani wa mji mzima huficha jambo muhimu kuliko yote, kwamba mtaa mmoja una kivuli kila mahali na mwingine hauna mti wa kumkinga mtoto anayesubiri basi.

Angalia: picha ya anga iliyopigwa wakati miti imepukutisha majani itakudanganya. Vichaka na migomba navyo huonekana kama miti. Andika tarehe ya picha kwenye taarifa yako.

Kuhusu lengo, wengi sasa hutumia kanuni ya 3-30-300 iliyopendekezwa mwaka 2021 na mtaalamu wa misitu ya mijini, Cecil Konijnendijk: kila mkazi aone miti angalau 3 akiwa nyumbani, mtaa uwe na mwavuli wa asilimia 30, na bustani ya umma isiwe mbali zaidi ya mita 300. Ni dira nzuri, ila kwenye mji mkavu asilimia 30 inaweza kudai maji ambayo watu wanayahitaji kwa kunywa. Hapo wekeni lengo dogo linalotekelezeka.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja: mwavuli wa mji ni kiasi hiki, kata yenye kivuli kingi ina kiasi hiki, kata yenye kivuli kidogo ina kiasi hiki.

## Hatua ya 2: Linda miti mikubwa kabla ya kununua miche

Hatua hii watu huiruka kwa sababu haina sherehe, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa fedha kidogo.

Fanya hesabu. Mti mzima wenye mwavuli wa kipenyo cha mita 16 unafunika takriban mita za mraba 200. Mche wenye mwavuli wa mita moja haufikishi hata mita moja ya mraba. Ukikata mti ule mmoja, itakubidi uwe na miche 256 ya namna hiyo ili kurudisha kivuli kile kile siku ile ile. Sheria nyingi za miji humtaka anayekata mti apande mche mmoja au miwili badala yake. Kwa kivuli, hiyo ni hasara iliyohalalishwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba senti yoyote:

1. Orodhesha miti yote ya umma yenye shina nene. Kipimo cha kawaida ni kipenyo cha shina kwenye kimo cha kifua, takriban mita 1.3 kutoka ardhini.
2. Shawishi manispaa ipitishe kibali cha kukata mti, na fidia inayolingana na ukubwa wa mti uliokatwa. London na miji mingine ya Uingereza hutumia mfumo uitwao CAVAT kuupa kila mti wa umma thamani ya fedha. Mti ukiwa na thamani kwenye vitabu, mkandarasi hafikirii tena kwamba kuukata ni bure.
3. Elekeza fidia hizo kwenye mfuko maalumu wa miti. Zikiingia kwenye kapu kuu la mapato hutaziona tena.

## Hatua ya 3: Chagua maeneo, upate ridhaa kwa maandishi

Weka ramani ya kivuli juu ya ramani ya joto, shule, zahanati, vituo vya mabasi na njia za waenda kwa miguu. Penye joto kali na watu wengi wasio na kivuli, anzia hapo. Kisha futa kila sehemu iliyo juu ya bomba, chini ya nyaya za umeme, au itakayowazibia madereva njia panda. Kitakachobaki ni kidogo kuliko ulivyotarajia, na ni afadhali ukigundue leo kuliko baada ya kuchimba.

Mwenye ardhi atoe ridhaa iliyoandikwa: idara ya barabara, shule, msikiti, kanisa, mwenye duka. Mfadhili makini ataomba barua hizo.

Wakazi nao waulizwe mapema, tena kwa nia ya kusikia jibu. Kati ya mwaka 2011 na 2014, wakazi wapatao 7,500 wa Detroit, Marekani, walipewa nafasi ya kupandiwa miti bure mbele ya nyumba zao, na karibu robo yao walikataa. Watafiti walipowahoji waligundua kwamba wengi hawakuichukia miti. Walijua kazi ya kufagia majani na kukata matawi ingewaangukia wao, na hakuna aliyewauliza wanataka mti gani wala mahali gani. Ukikutana na kukataliwa kwa namna hiyo, kagua mpango wako kabla ya kuwalaumu watu.

Utajua umefaulu ukiwa na orodha ya mashimo, kila shimo na namba yake, GPS yake, jina la mwenye ardhi na saini.

## Hatua ya 4: Andika bajeti ukianzia mwaka wa tano

Bajeti nyingi ninazozisoma huanza na bei ya mche ikizidishwa na idadi, huongeza usafiri na fulana, na kuishia siku ya kupanda. Mfadhili mzoefu akiiona anajua mwisho wake.

Geuza hesabu. Jiulize: mwaka wa tano nataka miti mingapi iwe hai, na kila mmoja utakuwa umehitaji nini mpaka kufika hapo? Kisha rudi nyuma mwaka kwa mwaka.

Maji. Chukua miche 1,000, kila mmoja ukihitaji lita 40 kwa wiki katika wiki 20 za ukame. Ni lita 40,000 kwa wiki, yaani safari nne za boza la lita 10,000, na safari 80 kwa kiangazi kimoja. Zidisha kwa viangazi viwili au vitatu. Kwenye miradi mingi kifungu hiki peke yake hushinda bei ya miche yote, na ndicho kinachosahauliwa.

Watu. Palizi, kukaza na baadaye kulegeza kamba za vigingi, kuongeza matandazo, kupogoa. Andika mishahara ya kazi hii kwa miezi yote 36. Kujitolea kunafaa siku ya kupanda. Kumwagilia saa za jua kali kwa miaka mitatu ni ajira, na ajira hulipwa.

Kinga. Uzio wa mche dhidi ya mifugo, magari na wapita njia.

Miche ya kuzibia. Hata mradi mzuri hupoteza miche. Weka asilimia 10 hadi 20 ya kupandia upya, na uiseme wazi.

Ukaguzi. Kuhesabu miti kunahitaji siku za mtu na usafiri.

Huu hapa mfano wa hesabu. Mna mafungu 1,000 ya fedha. Mpango wa kwanza unanunua na kupanda miche 1,000 kwa fungu moja kila mmoja, bila matunzo. Mwaka wa tatu iko hai 350. Mpango wa pili unapanda miche 400, kila mmoja ukitengewa fungu moja la kupandwa na fungu moja na nusu la kutunzwa. Ikishika asilimia 90, iko hai 360. Fedha ni zile zile na miti iliyo hai inakaribiana. Lakini wa kwanza anakwenda kwa mfadhili na vifo 650, wa pili na rekodi ya asilimia 90. Wa pili ndiye atakayepewa awamu nyingine, na miti yake itakuwa na afya zaidi.

Onyo: mkubwa wenu atapenda namba kubwa kwa ajili ya hotuba. Mpe namba nyingine ya kutangaza: asilimia ya miti iliyo hai, au wanafunzi watakaotembea kivulini. Usikubali kuhamisha fedha za maji kwenda kwenye miche.

## Hatua ya 5: Tafuta fedha kwenye mifuko zaidi ya mmoja

Mti unaishi miaka mingi na ruzuku nyingi huisha baada ya miaka mitatu. Kwa hiyo panga nani analipa mwanzo na nani anaendelea.

Bajeti ya kawaida ya mji. Hata ikiwa ndogo, huu ndio msingi. Mpango wa Tree City USA, ulioanzishwa Marekani mwaka 1976, huutaka mji uwe na chombo kinachosimamia miti, sheria ya miti, siku ya kuadhimisha miti, na matumizi ya angalau dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka. Usinakili kiasi hicho. Nakili wazo lake. Matumizi yakihesabiwa kwa kila mkazi, mwaka yanapopunguzwa kila mtu ataona.

Fedha za maji ya mvua. Mti hupunguza maji yanayokimbilia kwenye mitaro, kwa hiyo idara ya mitaro ina sababu ya kuulipia. Jiji la Philadelphia, Marekani, hutoza wenye viwanja kulingana na eneo lisilopitisha maji, na tangu mwaka 2011 mpango wake wa miaka 25 wa kupunguza mafuriko ya majitaka unatumia, pamoja na mengine, mitaro yenye miti kandokando ya barabara. Ukienda kwa mhandisi wa mitaro, ongea lugha yake: lita zilizozuiwa, mara ambazo barabara haikufurika. Urembo mwachie mwenyewe auone.

Afya na joto. Medellín, jiji la Kolombia, ilianza mwaka 2016 kujenga korido 30 za kijani kwenye barabara na kingo za mito, na jiji liliripoti joto kupungua kwa nyuzi 2 hivi kwenye maeneo hayo. Ukiwa na vipimo vya joto vya kabla na baada, unaweza kubisha kwenye milango ya fedha za afya na za mabadiliko ya tabianchi.

Ruzuku za serikali kuu na za kimataifa. Hizi ni kubwa na hazitabiriki. Mwaka 2022 sheria moja ya Marekani ilitenga dola bilioni 1.5 kwa misitu ya mijini, kiasi ambacho sekta hiyo haikuwahi kukiona. Mwaka 2025, baada ya serikali kubadilika, baadhi ya ruzuku zilizotokana na fedha hizo zilifutwa huku kazi ikiendelea. Tumia ruzuku kwa gharama za mara moja: sensa ya miti, kitalu, boza, kuvunja lami. Mishahara ya matunzo itafutie chanzo ambacho hakihami na uchaguzi.

Kampuni na watu binafsi. MillionTreesNYC ya New York ilianza mwaka 2007 kwa ubia wa jiji na shirika lisilo la kiserikali, ikafikia miti milioni moja mwaka 2015, miaka miwili kabla ya lengo. Jiji lilibeba sehemu kubwa na wengine wakaongeza. Kampuni ikija na fedha za siku moja ya picha, ipokeeni kwa adabu, muipe mkataba wa miaka mitatu. Ikikataa, mmeokoa miche.

Kaboni. Miti ya mjini ni michache na imetawanyika, na kuipima na kuithibitisha ni ghali. Mauzo ya kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo miti yenu inainyonya, yasiwe nguzo ya bajeti yenu. Mkiyapata, yawe nyongeza.

Utajua umefaulu ikiwa chanzo chochote kimoja kikikatika leo, miche iliyo ardhini bado ina mtu wa kuilipia maji.

## Hatua ya 6: Andika andiko fupi

Kurasa chache zatosha zikiwa na haya kwa mpangilio huu: tatizo kwa namba za hatua ya 1, mahali na ridhaa, miti mingapi itakuwa hai mwaka wa tano, bajeti ya mwaka kwa mwaka, nani analipa baada ya ruzuku kwisha, jinsi mtakavyohesabu, jina la anayewajibika. Historia ya misitu duniani haihitajiki. Mfadhili anaijua.

## Hatua ya 7: Chagua aina, agiza mapema, panda vizuri

Aina. Mtafiti wa miti Frank Santamour alipendekeza mwaka 1990 kwamba mji usiwe na zaidi ya asilimia 10 ya spishi moja, asilimia 20 ya jenasi moja, wala asilimia 30 ya familia moja. Sababu ni magonjwa na wadudu. Amerika Kaskazini ilikuwa imejaza mitaa yake miti ya jamii ya *Fraxinus*. Mwaka 2002 mdudu kutoka Asia aligunduliwa huko Michigan, na tangu hapo ameua mamilioni kwa mamilioni ya miti hiyo. Mitaa iliyokuwa na aina moja ilibaki wazi.

Kitalu. Ingia mkataba na kitalu mwaka mmoja au zaidi kabla ya kupanda. Mkinunua dakika za mwisho mtapewa kilichobaki: aina moja, mizizi iliyojizungusha ndani ya mfuko.

Kupanda:

1. Chimba shimo lenye upana mara mbili au tatu ya mzizi wa mche, na kina kisichozidi urefu wa donge la udongo wake.
2. Toa mfuko wa plastiki wote. Mizizi iliyojizungusha ifungue au ikate, la sivyo itaunyonga mti miaka mingi baadaye.
3. Mahali shina linapopanuka kuingia kwenye mizizi pabaki juu ya ardhi. Mti uliozikwa shina hufa polepole, na watu humlaumu mdudu.
4. Rudisha udongo ule ule, shindilia kwa mkono, mwagilia papo hapo.
5. Weka matandazo ya unene wa sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina.
6. Kigingi kifungwe kwa kamba laini na kiondolewe baada ya mwaka hivi. Kamba iliyosahauliwa hukata gome.

Onyo: shimo dogo lililozungukwa na zege halilei mti mkubwa. Kama nafasi ya udongo ni finyu na haipanuki, panda mti mdogo au hamia penye nafasi.

## Hatua ya 8: Tunza, hesabu, toa taarifa

Kila mche uwe na namba, picha na tarehe. Hesabu baada ya miezi 6, 12, 24 na 36. Andika hai, dhaifu, umekufa, na kwa kila uliokufa andika chanzo unachokiona: ukame, kuvunjwa, kuliwa, maji kutuama.

Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, ilionyesha njia nzuri tangu mwaka 2020. Wakazi wanaotunza miti huipiga picha kwa programu ya simu kila baada ya muda, na hulipwa kwa kuthibitisha kwamba mti bado upo. Malipo yamefungwa kwenye uhai wa mti, hivyo anayepanda ana sababu ya kurudi. Medellín nayo iliwafundisha wakazi wa mitaa yenye kipato kidogo kazi ya kutunza bustani za korido zake. Fedha za matunzo zikibaki mtaani, mti hupata walinzi wengi.

Taarifa kwa mfadhili ieleze vifo bila kuvificha. Andika imekufa mingapi, kwa nini, na mmebadilisha nini.

Utajua umefaulu mche ukivuka kiangazi cha pili au cha tatu ukichipua bila maji ya boza.

## Hatua ya 9: Panua kwa kasi ambayo matunzo yanaimudu

Ikiwa chini ya theluthi mbili ya miche iko hai baada ya miezi 12, simamisha upanuzi na elekeza fedha kwenye maji na kinga. Hicho ndicho kiwango ninachopendekeza. Mkiwa juu ya asilimia 85, ongezeni mitaa mipya, mkianza na kata ile yenye kivuli kidogo kabisa. Katikati ya hapo, panda kiasi kile kile cha mwaka jana na rekebisha chanzo kikuu cha vifo.

Kabla vikao vya bajeti havijafunga viwango vya idara, peleka jedwali la ukurasa mmoja: miti iliyo hai, gharama ya mti mmoja uliofika mwaka wa tatu, lita au nyuzi joto mlizopima, na kiasi mnachoomba kihamie kutoka ruzuku kwenda kwenye kifungu cha kudumu. Mpe diwani wa kila kata mstari wake. Akiona kata yake ina asilimia 6 na ya jirani ina 31, swali la kwanza kikaoni litatoka kwake. Mwaka wa tano rudia kipimo cha hatua ya 1 kwa nukta zile zile, ili mabadiliko yasomeke wazi.